Kwanta kwa Kiswahili: Kwa Nini Nusu Saa ya Sayansi Ibaki

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi wetu,

Katika mkutano uliopita wa wazazi lilitolewa pendekezo kwamba ile nusu saa ya sayansi tunayoifundisha kwa Kiswahili kila Jumamosi iondolewe, na muda huo uongezwe kwenye maamkizi, methali na kusoma. Sababu zilizotolewa zina uzito. Watoto wanasoma sayansi shuleni kwao wiki nzima, tena kwa Kiingereza, na mitihani yao itakuja kwa Kiingereza. Muda wetu ni mdogo. Mzazi mmoja aliuliza waziwazi: "Mwalimu, mwanangu bado anasema 'nyumba mzuri'. Hizo fotoni zitamsaidia nini?"

Ni swali la haki, na nimeona nilijibu kwa maandishi ili watoto nao wasome. Maoni yangu ni kwamba nusu saa hiyo ibaki. Na ili nisitetee jambo jepesi, nachukua somo gumu kuliko yote tuliyoyagusa muhula huu: nukta za kwanta, na jinsi zinavyotumika kupeleka siri kwa mwanga. Soma hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe kama Kiswahili kimeshindwa.

Nukta ni kitu gani?

Tuanze na neno lenyewe. Kwanta limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ya asili ni "kiasi gani". Katika fizikia ni kile kipande kidogo kabisa cha kitu ambacho hakigawanyiki tena. Uji unaweza kumimina kiasi chochote unachotaka, lakini mayai unanunua moja, mawili, matatu, na hakuna duka linalouza yai na robo. Mwanga tunauona kama uji, unamiminika tu. Kumbe ukiuchunguza sana ni kama mayai: unakuja kwa chembe zinazohesabika. Chembe moja ya mwanga inaitwa fotoni.

Nukta mnaijua. Ndiyo ile mnayoweka mwisho wa sentensi, na mmeisikia pia katika darasa la Kiarabu. Nukta ya kwanta ni punje ndogo mno ya nusu-kipitishi, yaani kitu ambacho hakipitishi umeme vizuri kama shaba wala hakiuzuii kabisa kama mpira. Chukua rula yako, angalia milimita moja. Igawe mara milioni moja: hiyo ni nanomita. Nukta nyingi za kwanta zina upana wa nanomita 2 hadi 10 tu, na zile kubwa zinafika makumi kadhaa.

Udogo huo ndio unaoleta maajabu. Ndani ya punje kuna elektroni ambayo imebanwa, haina pa kwenda. Ukiisisimua kwa mwanga au umeme, inaruka juu. Ikishuka, inatoa mwanga. Rangi ya mwanga huo inategemea ukubwa wa punje. Fikirini ngoma za harusini: chapuo ni ndogo, sauti yake ni kali, vumi ni kubwa, sauti yake ni nzito. Ngozi ni ile ile, mpigaji ni yule yule, ila nafasi ya kutikisika imetofautiana. Vivyo hivyo, punje ndogo hutoa rangi ya bluu na punje kubwa hutoa nyekundu, ingawa zimetengenezwa kwa kitu kimoja. Ukipita kwenye maduka ya televisheni hapa Dubai utaona herufi QLED. Ile Q imetoka kwenye hilo neno kwanta.

Mwaka 2023 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa watu watatu kwa kazi hii: Aleksey Yekimov, aliyeigundua katika vioo vya rangi huko Muungano wa Kisovyeti, Louis Brus, aliyeiona katika chembe zilizoelea ndani ya kimiminika huko Marekani, na Moungi Bawendi, ambaye mwaka 1993 aliongoza kazi iliyopata njia ya kuzitengeneza zikiwa safi na za ukubwa sawasawa.

Huyo Bawendi nataka watoto mmjue. Baba yake alikuwa Mtunisia, mtaalamu wa hisabati. Yeye alizaliwa Paris, akakulia Ufaransa na Tunisia, kisha akahamia Marekani akiwa mtoto. Alikuwa mtoto wa ughaibuni kama nyinyi, wa nchi zaidi ya moja na lugha zaidi ya moja. Alipopata tuzo aliwasimulia waandishi wa habari kwamba mtihani wake wa kwanza wa kemia chuoni Harvard aliufeli, alipata alama 20 kati ya 100. Anayekuja kwangu Jumamosi akilia kwamba kemia si ya kwake, asome aya hii mara mbili.

Tone moja kwa wakati

Sasa tufike kwenye mawasiliano. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nitatumia mfano wa wodini.

Mgonjwa akiwekewa dripu, chini ya chupa kuna kichupa kidogo cha uwazi ambamo maji yanadondoka tone kwa tone. Kwa mpira wa kawaida wa watu wazima, matone 20 ni mililita moja. Muuguzi hutazama saa na kuhesabu. Kama dawa ingekuwa inamiminwa kwa makadirio, kuna dakika mgonjwa angepata matone mawili kwa pamoja na dakika asingepata kitu. Kwa dawa nyingine kosa hilo ni hatari.

Taa ya leza, hata ukiififisha mpaka ibaki karibu kuzimika, ni sawa na kumimina kwa makadirio. Mara inatoa fotoni moja, mara mbili, mara nyingi haitoi kitu. Nukta ya kwanta ni kile kichupa cha dripu. Ukiipiga kwa mpigo mmoja wa leza, elektroni inapanda, inashuka, inatoa fotoni moja. Unaipiga tena, inatoa nyingine. Mwaka 2000 watafiti walionyesha maabarani kwamba nukta moja inaweza kutoa fotoni moja moja namna hiyo, na tangu hapo kazi imekuwa ni kuifanya iwe ya uhakika zaidi na ya kasi zaidi.

Nukta hizi si zile za kwenye televisheni. Za televisheni hupikwa ndani ya kimiminika. Hizi za mawasiliano mara nyingi huoteshwa juu ya kipande cha kioo cha nusu-kipitishi, ndani ya chombo kisicho na hewa. Wataalamu huweka tabaka jembamba la indiamu na aseniki juu ya galiamu na aseniki. Kwa kuwa atomu za tabaka la juu hazikai sawasawa juu ya zile za chini, zinajikusanya zenyewe kuwa vichuguu vidogo, kama umande unavyojikusanya kuwa matone juu ya jani. Kila kichuguu ni nukta. Na ili zitulie zifanye kazi vizuri, nyingi hupozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Sisi ambao Julai tunahangaika na kiyoyozi tunaweza kukisia gharama ya baridi hiyo.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo?

Ufunguo usioweza kuibwa kimyakimya

Kila unapotuma pesa nyumbani kwa simu, ujumbe wako unafungwa kwa kufuli ya hesabu. Kufuli nyingi za leo zinategemea jambo hili: kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma ni kugumu. Mwambie mwanao azidishe 89 kwa 97. Atapata 8,633 kwa dakika moja. Sasa mpe 8,633 peke yake, umwambie atafute namba mbili zilizozidishwa. Atatoka jasho. Namba za benki zina mamia ya tarakimu, na kompyuta za leo zinashindwa. Lakini mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikipatikana yenye nguvu ya kutosha, itaweza kuzivunja namba hizo. Kompyuta ya nguvu hiyo haijatengenezwa. Hata hivyo, mwizi anaweza kunakili leo ujumbe uliofungwa, akauweka, akaufungua miaka ishirini ijayo.

Kwa siri ya bei ya gari, miaka ishirini si kitu. Kwa siri ya mgonjwa ni jambo jingine. Majibu ya kipimo cha damu ya kijana wa miaka 20 bado ni siri yake akiwa na miaka 40, akiwa na mke, watoto na kazi. Wauguzi tunafundishwa kwamba siri ya mgonjwa haina tarehe ya mwisho.

Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walipendekeza njia nyingine ya kutunza siri, isiyotegemea ugumu wa hesabu. Nitawaeleza watoto kwa mchezo. Tuseme Asha anataka kumpelekea Juma ufunguo, yaani mfululizo wa 0 na 1. Kila tarakimu anaiweka kwenye fotoni moja kwa kuchagua mkao wake. Kuna jozi mbili za mikao. Jozi ya kwanza ni wima na mlalo. Jozi ya pili ni mshazari wa kulia na mshazari wa kushoto. Katika kila jozi, mkao mmoja ni 0 na mwingine ni 1. Asha anachagua jozi kwa kubahatisha.

Juma hajui Asha amechagua jozi gani, kwa hiyo naye anabahatisha dirisha la kupokelea: la wima na mlalo, au la mshazari. Akipatia dirisha, anasoma tarakimu sahihi. Akikosea, fotoni inampa jibu la bahati nasibu, kama sarafu iliyorushwa. Baadaye wanapigiana simu, hata mbele za watu, wanatajiana madirisha tu bila kutaja majibu. Zile walizofanana wanazibakiza, nyingine wanazitupa. Karibu nusu hubaki, na hizo ndizo ufunguo.

Sasa aje mdukuzi katikati. Hawezi kunakili fotoni akabaki na nakala, kwa sababu sheria za kwanta haziruhusu kutoa nakala kamili ya kitu usichokijua. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1982. Basi inabidi aipokee, aisome, atume nyingine badala yake. Lakini naye hajui dirisha, atakosea nusu ya mara, na akikosea anatuma fotoni yenye mkao usio sahihi. Matokeo ni kwamba katika tarakimu walizobakiza Asha na Juma, karibu robo zitapingana. Wanatoa sehemu ndogo ya ufunguo, wanalinganisha, wanaona makosa ni mengi, wanautupa wote. Hakuna ujumbe uliopotea, kwa sababu ujumbe haujatumwa bado.

Hapo ndipo lile tone moja linapokuwa na maana. Kama taa ya Asha imetoa fotoni mbili zenye mkao mmoja, mdukuzi anaiba moja na kuiacha nyingine ipite. Juma hataona kosa lolote. Wataalamu wana mbinu za kumtega mwizi huyo hata kwa leza iliyofifishwa, lakini chanzo kinachotoa fotoni moja tu kinamnyima nafasi tangu mwanzo.

Kutoka Fujairah hadi Mombasa

Wengi wetu hatujui kwamba tumefungwa na nyumbani kwa uzi wa kioo. Mkongo wa TEAMS umelala chini ya bahari kutoka Fujairah, hapa hapa Emirati, hadi Mombasa. Ulifika pwani ya Mombasa Juni 2009. Una urefu wa karibu kilomita 5,000, na ndani yake unapita mwanga. Inawezekana salamu zako kwa bibi zimepita humo.

Je, fotoni moja inaweza kupita humo na ufunguo wake mpaka Mombasa? Leo hapana, na watoto wanaweza kupiga hesabu wenyewe. Katika mkongo mzuri, kila kilomita 50 mwanga unabaki sehemu moja ya kumi. Kilomita 100, moja ya mia. Tuseme nukta yetu inatoa fotoni milioni 100 kila sekunde. Kwa kilomita 500 utapokea moja kila baada ya sekunde 100. Kwa kilomita 1,000 utaisubiri moja kwa zaidi ya miaka 30,000. Na Mombasa ni mara tano ya hapo. Mawasiliano ya kawaida yanafika kwa sababu chini ya bahari kuna vikuza-mwanga vinavyouongezea nguvu njiani. Kukuza ni kama kunakili, na fotoni ya siri, kama tulivyoona, hainakiliki.

Kwa mwendo mfupi mambo ni tofauti. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi yao ya kupeleka ufunguo kwa fotoni za nukta ya kwanta kati ya miji ya Hannover na Braunschweig, kupitia mkongo wa kilomita 79 uliokwishalazwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 73. Naandika hili makusudi. Nataka mtoto wa Kizanzibari anayeishi Warsan ajue kwamba kipimo kilichofikiwa Ujerumani kinalingana na upana wa bahari ambayo babu yake anaivuka kwa boti.

Kwa masafa marefu watu wametumia setilaiti, kwa sababu angani mwanga hauliwi kama ndani ya kioo. Oktoba 2024 wanasayansi wa China na wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walipeana ufunguo kupitia setilaiti ndogo iitwayo Jinan-1, kwa umbali wa kilomita 12,900. Hiyo ilitumia leza iliyofifishwa, si nukta. Kabla ya hapo, mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia, uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban ulitumia funguo za kwanta kulinda mawasiliano yake. Kwa hiyo Afrika haisubiri kualikwa. Hata azimio la Umoja wa Mataifa lililoufanya 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi na teknolojia ya kwanta lilipelekwa rasmi na Ghana. Na Abu Dhabi, safari fupi kutoka hapa, ipo taasisi ya TII yenye kituo kizima cha utafiti wa kwanta.

Naongeza tahadhari moja ili nisionekane nauza kitu. Njia hii si pekee. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa kufuli mpya za hesabu zilizobuniwa kuhimili kompyuta za kwanta, na wataalamu wa usalama wa Uingereza, kwa mfano, wanapendekeza hizo kwanza, kwa kuwa ni nafuu na hazihitaji vifaa vipya. Huenda benki yako ikatumia hizo na isiguse nukta kamwe. Na hakuna fotoni itakayokuokoa ukisoma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukatuma, au ukimtajia mtu namba yako ya siri kwa mdomo wako.

Matapeli wanaongea Kiswahili

Sasa nalijibu lile swali la mzazi, la fotoni zitamsaidia nini mtoto.

Nyumbani Afrika Mashariki kuna watu wanaozunguka na kompyuta ndogo iliyounganishwa na kijiti cha chuma. Wanaiita mashine ya kwanta ya kupima mwili mzima. Unashika kijiti dakika moja, inatoka orodha ya magonjwa: figo, ini, nyongo, mifupa. Kisha unauziwa virutubisho vya kutibu orodha hiyo. Shangazi yangu aliyeko Tanga alishika kijiti hicho. Aliambiwa figo zimechoka. Alinunua makopo kwa pesa niliyomtumia mimi kutoka hapa, akaacha vidonge vyake vya presha kwa wiki kadhaa. Nilipopiga simu aliniambia kwa fahari, "Mwanangu, hii si ya kienyeji, hii ni kwanta."

Neno hilo hakulisikia kwa Kiingereza. Aliuziwa kwa Kiswahili kitamu, cha heshima, cha "shikamoo mama". Na mimi sikuweza kumwondolea kwa Kiingereza. Ilibidi nimweleze kwa Kiswahili kwamba kwanta ni habari ya chembe ndogo mno za mwanga na umeme. Kwamba zipo mashine za kweli zinazozitumia. Kwamba anayetaka kujua hali ya figo anahitaji damu au mkojo wako, na kijiti kile hakikuchukua damu wala mkojo. Nikamkumbusha kile kibanio cha kidoleni cha hospitali. Hicho kinatumia mwanga kweli, mwekundu na mwingine usioonekana, kupima oksijeni na mapigo ya moyo, basi. Hakijidai kujua ini lako. Alinyamaza, akauliza maswali mawili mazuri, akarudi kwenye vidonge vyake.

Udanganyifu wa namna hii uko kila mahali. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa mionzi ya Uholanzi ilitoa onyo kuhusu bidhaa kumi zilizokuwa zikiuzwa kama kinga au za kuleta afya, na miongoni mwake kilikuwamo kidani chenye neno kwanta katika jina lake. Zilikutwa na mionzi ambayo ingeweza kumdhuru anayezivaa muda mrefu.

Mzazi mwenzangu, siku itakuja ambapo bibi atampigia simu mwanao, si wewe. Atamuuliza: "Mjukuu wangu, wewe umesoma huko, hiki kitu ni cha kweli?" Mwanao akiwa na maamkizi na methali tu, atajibu, "Sijui bibi, muulize baba." Atakuwa anajua, ila kwa lugha ambayo bibi haisikii. Maarifa yapo kichwani, pesa ya bibi inakwenda, na katikati hakuna daraja.

Kuna na hili. Tunaishi kwenye majengo yenye majina ya China, Urusi, Uhispania, Uajemi na Moroko. Mtoto anaanza mapema kupanga lugha zake kwa kazi: hii ya shule, hii ya dukani, hii ya kuomba chapati. Tukimfundisha Kiswahili cha chapati peke yake, atakipenda kama anavyopenda chapati, na akiwa na jambo zito la kufikiri atakiweka pembeni. Tanzania, watoto wa shule za msingi za serikali wamesoma sayansi kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Mwaka 1990 TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo, na yasiyokuwapo yanaundwa, kama tulivyoazima fotoni na kutumia nukta yetu wenyewe.

Kuhusu "nyumba mzuri": mtoto hajifunzi upatanisho wa ngeli kwa kuambiwa sheria tu. Anajifunza kwa kuwa na jambo la kusema. Mwanafunzi akibishana kwamba "nukta kubwa inatoa mwanga mwekundu, punje ndogo inatoa mwanga wa bluu", ameshapitia ngeli mbili katika sentensi moja, na hakuona kama ni zoezi.

Pendekezo langu kwa mkutano ujao ni hili. Nusu saa ibaki, lakini tuibadilishe. Kila somo la sayansi limalizike kwa mtoto kumpigia simu ndugu mmoja nyumbani na kumweleza alichojifunza kwa dakika tatu, kwa Kiswahili. Ndugu akielewa, somo limefaulu. Asipoelewa, turudie, na kosa litakuwa letu walimu. Maamkizi yatafanyiwa kazi hapo hapo, maana hakuna atakayempigia bibi bila shikamoo.

Jumamosi hii tutacheza Asha na Juma. Kila mtoto aje na kadi 20 za manila na sarafu moja. Kwenye kila kadi achore mstari mmoja: wima, mlalo au mshazari, achague kwa kurusha sarafu mara mbili. Tunahitaji pia wazazi wawili wa kujitolea kuwa wadukuzi. Wazazi walioomba somo liondolewe ndio ninaowakaribisha kwanza.

Mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la Jumamosi